Chepe la Maganga

Siku ya Mashujaa mwaka huu, pale uwanjani Bagamoyo, mlinijia watatu na simu zenu mkitaka kupiga picha na mimi. Mmoja wenu, mtoto wa jirani yangu hapa Fukayosi, akaniangalia kifuani, akaangalia na vifua vya wazee wenzangu, akauliza: "Babu, mbona wenzako wana nishani na wewe huna? Uliiuza?" Wenzake wakamfinya. Mimi nikacheka, nikasema imepotea.

Nilisema uongo. Haikupotea. Najua ilipo, najua hata sanduku ilimofungiwa. Na kwa kuwa wawili kati yenu mmeniambia mnakwenda jeshini mwakani, nimeona nikae niandike, maana kwa mdomo habari hii nimeifikisha mwisho mara moja tu.

Jina langu mnalijua, Mwinjuma. Nilikuwa askari wa miguu katika vita vya Kagera. Sikuwa rubani, sikuwa dereva wa kifaru, sikuwa mtu wa kutajwa redioni. Nilikuwa na bunduki moja, viatu pea moja na chepe moja. Nyie mnaocheza vita kwenye simu, sijawahi kuona hata mmoja wenu ameshika chepe humo. Mtu anakimbia, anapiga risasi, anaruka ukuta, amemaliza. Mimi bunduki niliifyatua siku za kuhesabika, lakini chepe nililishika kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, mpaka viganja vikawa vigumu kuliko vya marehemu baba yangu aliyelima maisha yake yote. Lilikuwa chepe fupi la kukunja, linaning'inia kiunoni na kukugonga paja ukitembea. Habari yangu yote imo ndani ya chepe hilo, ila si langu. Ni la mwenzangu, Maganga.

Aliyenifundisha kuchimba ni sajenti wetu, Afande Komba, mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Siku ya kwanza nilichimba kwa majivuno. Mimi mtoto wa mkulima, nimepiga matuta ya muhogo tangu nina miaka saba, nani atanifundisha habari za udongo? Nikachimba shimo pana, la mraba, kuta zimenyooka, nikasimama kando nikisubiri sifa. Afande Komba akaja, akachungulia, akauliza: "Mwinjuma, hiki choo ni cha familia ngapi?"

Kicheko cha wenzangu kilifika mpaka jikoni. Kisha akashuka mwenyewe shimoni akanionyesha. Shimo la askari ni jembamba, linamtosha mtu na bunduki yake basi, kwa sababu kadiri unavyolipanua ndivyo unavyolifungulia bomu mlango. Majani ya juu unayakata kwanza vipande vipande na mizizi yake, unayaweka pembeni, ukimaliza unayarudisha juu ya udongo mbichi ili usionekane kwa mbali. Udongo unaumwaga upande wa mbele. Kina kifike kifuani. Akasema kama limekufika magotini, hapo umejichimbia kaburi tu na bado hujalala.

Na sheria yake kubwa ilikuwa moja: mkisimama popote, chimba kwanza. Kabla ya maji, kabla ya chakula, kabla ya kuvua viatu, kabla hata ya kwenda haja. Tulimchukia kwa sheria hiyo. Umetembea tangu alfajiri, mgongo unawaka, unaambiwa simama, unashukuru Mungu, halafu unasikia ile sauti inayokwaruza: "Chepe!" Nimeishi mpaka leo kwa sababu ya neno hilo, na mara moja tu hakuwapo wa kulisema.

Nisikimbilie huko. Kuna mambo mengine mtakayoyahitaji.

Tunzeni miguu. Soksi zikilowa, zivue, zikamue, zitie ndani ya shati kifuani zikaushwe na joto la mwili. Zitanuka, lakini hakuna askari mwenye haki ya kulalamikia harufu ya mwenzake. Na msije mkafanya niliyoyafanya mimi. Mama yangu alinifungia chupa ya mafuta ya nazi nilipoondoka. Tulipofika kule Kagera malengelenge yakanishika, nikasema dawa ninayo, nikajipaka miguu yote miwili mpaka magotini, nikalala kidogo mchana chini ya mgomba. Nilizinduliwa na siafu. Kumbe nimewaandalia karamu. Niliruka uwanjani sina viatu, sina suruali, napiga makofi mapajani, na mbele yangu kuna mtu amejiangusha chini, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Mla nazi!" anasema. "Leo nazi imekula mtu!"

Huyo ndiye Maganga, Mnyamwezi wa kijiji kimoja nje kidogo ya Tabora, ukoo wa warina asali. Mrefu, mweusi tii, ana mwanya. Nilipomwambia mimi ni Mkwere wa Fukayosi, alinishika mkono hakuuachia. Akasema Mungu mkubwa, amemletea mtani wake mpaka vitani.

Nyie mnajua utani wa kutumiana vichekesho. Utani wa makabila ni kitu kingine, na naona unawapotea, kwa hiyo nieleze. Babu zao Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani kuja Bagamoyo, wakipita vijijini mwetu, na tangu enzi hizo sisi na wao ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuchukua kuku wako, kofia yako, baiskeli yako, na huendi nayo kwa balozi wala polisi. Unakomboa. Unampa kitu kidogo anachokitaka, anarudisha mali yako, mnacheka. Na siku ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuigiza mwendo wako na maneno yako, ndiye anayeingia kaburini akalala chali akasema hapa hazikwi mtu mpaka apewe chake. Watu wanacheka huku wanalia, na msiba unapata pa kupumulia. Huo ni wajibu, si mchezo wa mtu mmoja mwenye mzaha.

Basi Maganga na mimi tulitembea nchi nzima ile tukitukanana. Tukipanda mlima na mizigo ananiambia: "Leo ndipo mtajua babu zetu walikuwa watu gani. Nyie mlikaa kivulini mkiwauzia maji." Namjibu: "Na mlikuwa mnalipa kwa meno ya tembo ya watu wengine." Nikiletewa ndizi za kupikwa nikakunja uso kwa kukosa tui, ananipigia magoti kama mtu anayebembeleza mtoto: "Kula, mwana wa pwani, kesho bahari itakuja." Siku alipopata homa nilimbebea bunduki yake na mfuko wake kutwa nzima, na alichonishukuru nacho ni kusema kwamba hatimaye Mkwere amepata kazi. Nilimpenda. Siku zile hatukuwa tukisema hivyo, mwanaume na mwanaume, ndiyo maana naliandika sasa.

Mfukoni mwake alikuwa na kopo la asali. Dada yake, Nyamizi, ndiye aliyemfungia. Kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, limezungushiwa kipande alichokichana kwenye kanga yake. Kila mtu katika platuni alilijua kopo lile na hakuna aliyewahi kulamba. Alisema litafunguliwa siku vita vikiisha. Nilimwomba kwa heri, nilimwomba kwa matusi, wapi.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Tulikuwa tumevuka mpaka, tumepanda tuta la kilima lenye migomba, tukaambiwa hapa ndipo tutakapokaa. Afande Komba aliitwa na wakubwa upande wa pili wa kilima, akaondoka kabla hajapaza lile neno lake. Mmoja wetu akasema kijito kiko karibu, twendeni maji kwanza. Maganga akafungua mkanda, akauweka chini na chepe lake ili abebe madumu vizuri, akateremka na wenzake. Mimi nilibaki nikachimba. Nililiona lile chepe pale. Nikalichukua.

Nilichimba shimo langu mpaka kifuani, kama nilivyofundishwa, kisha chepe la Maganga nikalilaza chini kabisa shimoni, nikalikanyaga.

Akarudi. "Mkwere, chepe langu."

"Chepe gani? Nyie kwenu si mnachimba kwa kucha?"

Wenzetu, ambao sasa walikuwa wanachimba mashimo yao, wakaanza kucheka. Akajua. Akaweka mikono kiunoni. "Unataka nini?"

"Asali."

"Asali ya dada yangu haiwezi kuwa fidia ya mla nazi."

"Basi chimba kwa kijiko."

Wallahi alichimba. Alichukua bakuli lake la bati la chakula, akapiga magoti, akaanza kukwangua ule udongo mwekundu mgumu kama kuku anayetafuta mchwa. Kila akikwangua anaimba kwamba Mkwere atakufa na kiu ya asali. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka.

Hapa kuna jambo ambalo miaka yote sikumwambia mtu, ila mmoja. Mara moja niliinama, nikalishika chepe lake, nikaanza kulinyanyua nimpe. Nikalirudisha chini. Sikulirudisha kwa sababu ya asali. Nililirudisha kwa sababu ya kile kicheko. Tulikuwa hatujacheka siku nyingi, tulikuwa tumezika wenzetu, na mara ghafla kilima kizima kinacheka na anayechekesha ni mimi. Nilitaka kiendelee kidogo tu.

Shimo lake lilikuwa limefika chini ya goti. Akasimama, akafuta mikono kwenye gwanda, akainamia mfuko wake akatoa lile kopo, akalinyanyua juu ili kila mtu aone. "Haya, Mkwere, umeshinda. Nakuletea. Lakini ukishalamba, shimo langu unalichimba wewe!"

Kati ya shimo lake na langu palikuwa na hatua kama ishirini. Alikuwa amefika katikati bomu la kwanza lilipoanguka nyuma ya migomba. Wote walitumbukia mashimoni mwao. Maganga alisimama. Niliona akigeuza kichwa kuliangalia shimo lake, lile la bakuli, akaona kwamba si shimo, kisha akanitazama mimi, akaanza kukimbilia kwangu. Hakufika.

Mabomu yalinyamaza baada ya muda wa kuchemsha chai. Nilitoka nikatambaa mpaka alipo. Alikuwa bado na pumzi. Kopo lilikuwa mkononi. Alilisukuma kidogo tu kwenye majani, kuelekea kwangu, akasema: "Pokea basi, mtani." Nikapokea. Hakusema kingine.

Afande Komba alirudi mbio. Akamwangalia Maganga. Akaliangalia lile shimo la chini ya goti na bakuli lililobonyea pembeni yake. Akaja kwenye shimo langu, akachungulia kama siku ile ya choo, akaona machepe mawili. Nilisubiri anipige. Nilitamani anipige, wajukuu zangu, nilitamani anifunge kamba anipeleke kwa wakubwa. Aliruka ndani, akatoka na chepe la Maganga, akanikabidhi. "Chimba kwa hili," akasema.

Nilimchimbia Maganga kaburi kwa chepe lake mwenyewe. Nilichimba kupita kifua, kupita kichwa. Kuta nilizinyoosha. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba mimi ni mtani wake, na wajibu wangu sasa ni kulala humu na kusema neno la kuchekesha, nimzuie asizikwe mpaka nipewe changu. Nikalala chali. Juu niliona nyuso za wenzangu zimezunguka, wengine walijua mila, walikuwa wananingojea. Sikuwa na neno. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Afande Komba akasema taratibu, "Toka, Mwinjuma," wakanivuta kwa mikono. Niliomba chepe lizikwe naye. Akanijibu kwamba vifaa vya jeshi havizikwi, na siku ya pili lilikuwa kiunoni kwa askari mwingine.

Tuliendelea mbele, tukaingia Kampala, tukapita. Mengine mtayasikia kwa wazee wenzangu, wanayasimulia vizuri kuliko mimi. Tulirudi, tukapokewa kwa ngoma, na baadaye nikavishwa nishani. Nyumbani kwa akina Maganga ilifika barua kwamba amekufa akiitetea nchi. Ni kweli, na Afande Komba hakuongeza la zaidi. Sijui alikuwa ananihurumia mimi au anamsitiri marehemu asionekane amekufa kwa mzaha. Na mimi nikajificha nyuma ya barua ile.

Lile kopo nililitia kwenye sanduku langu, chini ya nguo. Sikulifungua. Mke wangu, Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, aliliona mwaka wa kwanza wa ndoa, akauliza, nikasema ni la mwenzangu, nitalipeleka. Nikawa nalipeleka kila mwaka. Mara ya kwanza nilifika Chalinze, nikasimama na kopo langu kwenye mfuko, mabasi ya bara yanapita, sikupanda. Mara ya pili nilipanda, nikashuka Dodoma, nikakaa stendi kutwa, nikapanda la kurudi. Niliwaambia watu nimeugua tumbo. Nilikuwa namwogopa mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Nilikuwa najua nikifika atanipokea kwa utani, kwa kuwa ndivyo watu walivyofundishwa, na kwa mtani hakuna kukasirika. Na mimi nilikuwa nahitaji mtu anikasirikie.

Zaidi ya miaka thelathini ilipita hivyo. Bi Mwanaidi alipokuwa mgonjwa wa mwisho, siku moja baada ya kumlisha uji akanishika mkono akasema: "Baba Shabani, usife na kopo la watu." Baada ya arobaini yake nilivaa koti, nikabandika nishani kifuani ili nifike kama askari na si kama mwizi, nikapanda basi. Safari hii sikushuka.

Kijiji nilikipata kwa kuuliza. Nilimkuta Bibi Nyamizi amekaa kwenye mkeka uani anamenya karanga, mrefu kama kaka yake, na mwanya uleule.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Wewe nani?"

"Mimi Mwinjuma. Mkwere, natoka upande wa Bagamoyo. Nilikuwa vitani na Maganga."

Akaziacha karanga. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mkwere!" akasema. "Umetembea mwenyewe kuja huku, au umebebwa na babu yangu?"

Wanawe na wajukuu zake waliokuwa pale uani wakacheka. Nilikuwa nimejua itakuwa hivi. Nilikaa kwenye ncha ya mkeka, nikatoa kopo kwenye mfuko, nikaliweka mbele yake. Bati lilikuwa limeshika kutu, lakini kile kipande cha kanga kilikuwa bado kimefungwa. Alikigusa kwa kidole kimoja. Akawaambia wanawe wanyamaze.

Nilimweleza yote. Sikupunguza kitu, hata lile la kulishika chepe nikalirudisha. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameanza tena kumenya karanga, moja moja, maganda yanaanguka kwenye mapaja. Nilipomaliza nilisema: "Dada, naomba usinisamehe kwa utani. Nikasirikie. Nimetoka mbali kwa hilo."

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa: "Asali, alikupa mkononi?"

"Alinipa. Alisema pokea."

"Ukapokea?"

"Nikapokea."

"Basi kaka yangu alikomboa." Sasa akaniangalia, na macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. "Chepe lake liko wapi?"

Sikulitarajia swali hilo. Miaka yote niliyokuwa nikijitayarisha, sikuwahi kulitarajia. "Nilimchimbia nalo kaburi," nikasema.

"Sijakuuliza ulilifanyia nini. Alitoa alichotakiwa. Aliyepokea fidia anarudisha. Chepe liko wapi?"

"Sina."

Akanyoosha mkono, akaifungua nishani kifuani kwangu polepole, kwa vidole vyenye unga wa karanga, akaifungia kwenye ncha ya kanga yake. "Basi hii inakaa kwangu," akasema, "mpaka chepe la kaka yangu lirudi."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watoto wa watu, mzee mzima. Hakunibembeleza. Alinyanyuka akaenda jikoni, akarudi na kijiko, akalifungua kopo kwa nguvu. Asali ilikuwa imekuwa nyeusi na imeganda. Akaikwangua, akawagawia wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, wa mwisho mimi. Nilikuwa nimetumaini imeoza. Ilikuwa tamu.

Nililala kwao siku tatu. Alinionyesha ile barua ya jeshi, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Aliniuliza kaka yake alikuwa anakula nini, anaimba nini, kama alikuwa na mchumba. Nilimweleza ya siafu, akacheka vilevile kama Maganga, kwa kujiangusha. Lakini nilipoaga na kuitazama ile ncha ya kanga, alitikisa kichwa.

Tangu mwaka ule, kila Siku ya Mashujaa ikikaribia, simu yangu ilikuwa ikilia, ni Nyamizi. Hakusalimu. Alisema: "Mkwere, chepe?" Nami namjibu: "Bado, mtani, naling'arisha." Mwaka mwingine: "Limekopwa na jirani." Mwaka mwingine: "Lipo njiani, linakuja kwa miguu kama babu zenu." Anacheka, anakata. Sijui kama alinisamehe. Sikumwuliza tena. Ila kulikuwa na mtu mmoja duniani anayenidai ninachodaiwa, na mwenye kudaiwa na mtu anajua pa kuangalia.

Mwaka huu simu ililia mapema, mwezi wa tatu. Alikuwa binti yake. "Mjomba, mama ametutoka. Tumemzika jana." Nikasema maneno yanayosemwa. Nikasikia anavuta kamasi, halafu akasema: "Ameacha wosia wako. Amesema utakuja na kelele za kutaka nishani yako. Amesema ibaki imefungiwa kwenye sanduku lake, usipewe. Chepe halijarudi."

Nilicheka. Nimekaa hapa barazani kwangu na simu mkononi, nacheka kwa sauti, mpaka mkwe wangu akatoka jikoni kuangalia nimepatwa na nini, akanikuta uso wote umelowa.

Arobaini yake nilikwenda. Mbele ya watu, sheikh amemaliza dua, nilivua koti, nikalala chali kando ya kaburi la Nyamizi, juu ya udongo wake mpya, nikapiga kelele kwamba siondoki hapa, na mimi nitaoteshwa majani hapahapa, mpaka huyu bibi mwizi anipe mali yangu. Vijana wake wakanishika miguu wakanikokota: "Toka, Mkwere, chepe kwanza!" Wanawake walicheka huku wamejifunika kanga. Lile neno nililolikosa kule kwenye migomba, nimelala nikitazama nyuso za wenzangu, lilikuja sasa, kwa kaburi jingine, nami ni mzee wa magoti mabovu. Nilipoinuliwa, shati langu mgongoni lilikuwa limejaa udongo mwekundu. Sikuupangusa mpaka nilipofika nyumbani.

Kwa hiyo nyie wawili mnaokwenda mwakani: mkiambiwa simameni, chimbeni kwanza. Chimbeni jembamba, mpaka kifuani, udongo mbele. Mkipata watani huko, na mtawapata, wataneni sana, maana siku zitakuwa ndefu. Ila ukiona mkono wako umelishika chepe la mwenzako, mpe. Mtacheka wote baadaye, mkiwa shimoni.

Na mtakaponiona tena uwanjani kifua kitupu, yule atakayeuliza mwambieni haikuuzwa wala haikupotea. Mwambieni iko Tabora, imeshikwa na watani zake, na babu hana cha kuikombolea.